Kiswahili hakikushindwa na injini ya ndege

Muhula uliopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili huko Ruiri, katika Kaunti ya Meru. Mada niliyopewa ilikuwa nafasi ya Kiswahili katika maendeleo ya taifa, mada ambayo sisi wahadhiri tumeizoea kiasi kwamba twaweza kuihutubia huku tunasinzia. Nilitaja kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachokitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Nikataja ushairi, riwaya na utangazaji. Wanafunzi wakapiga makofi kama ilivyo ada.

Kisha mvulana mmoja wa kidato cha nne akainua mkono. Kwa adabu isiyo na woga alisema: "Daktari, mimi nataka kuwa fundi wa ndege. Nimesoma kwamba zipo ndege ndogo zinazotumia injini za rotari. Presha ya oili ikishuka katika injini kama hiyo, fundi atatafutaje chanzo chake kwa Kiswahili? Au Kiswahili kinaishia kwenye mashairi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nami nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Sikuwa na jibu. Nilimwahidi kwamba ningemjibu kwa maandishi, na makala haya ndiyo jibu lenyewe. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kina uwezo kamili wa kuieleza kazi hiyo, hatua kwa hatua. Tulichokikosa ni makubaliano juu ya maneno na mazoea ya kuyatumia darasani. Na kukosa huko kuna gharama, ambayo ardhini hulipwa kwa chuma kilichoungua na angani huweza kulipwa kwa roho za watu.

Jioni ile, kabla ya kurudi Meru mjini, nilipitia gereji ya fundi mmoja hapo sokoni Ruiri. Ni mtu wa makamo anayerekebisha pikapu, trekta na injini za vinu vya posho. Nilipomweleza swali la yule mvulana, hakucheka. Alinisimulia kisa cha kinu kimoja cha posho katika vijiji vya karibu. Mwenye kinu alimwajiri kijana aliyekuwa na cheti cha ufundi, kijana aliyefaulu vizuri mitihani yake ya Kiingereza. Siku moja taa nyekundu ya oili ikawaka. Kijana akafungua kitabu cha injini, akasoma maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba presha ya oili iko chini, naye akaelewa kwamba oili yenyewe iko chini. Akaongeza lita moja. Taa haikuzimika. Akaongeza nyingine. Oili ilipozidi kipimo, shafti ikaanza kuipigapiga na kuitia povu, nayo pampu ikawa inavuta hewa pamoja na oili. Presha ikashuka zaidi. Kabla ya jua kutua injini ilikuwa imenoki, na akina mama wa kijiji wakawa wanabeba mahindi yao hadi soko jingine.

Msomaji asimcheke kijana huyo. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameyakariri maneno ya lugha moja bila kupewa nafasi ya kuyatafakari katika lugha anayowazia. Katika lugha yake ya nyumbani, Kimeru, maguta ni maguta. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, mafuta ni mafuta: ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari, ya kulainisha mashine. Mtu akituambia kwamba "mafuta yamepungua," hatujui kama tangi la petroli limekauka, au oili imevuja, au presha imeshuka, au oili imekuwa nyepesi kama maji. Sentensi moja yabeba maana nne, na kila maana inadai tiba yake.

Lakini tazama mafundi walivyolitatua jambo hili bila kungoja kamati yoyote. Kwao, kinachochomwa ni mafuta, na kinacholainisha ni oili. Ukisikiliza kwa makini gerejini, utaona pia kwamba vitenzi vyao vimepangika: oili hupungua, presha hushuka, na oili iliyopoteza uzito wake huwa imekuwa nyepesi. Hayo ni mambo matatu yenye maneno matatu. Mwanaisimu akikuta utaratibu kama huo kijijini hana budi kuvua kofia, kwa kuwa ndiyo kazi ambayo istilahi huundwa kuifanya.

Sasa tulijibu swali lenyewe. Presha ya oili ni nini? Watu wengi hudhani pampu ndiyo inayozaa presha. La hasha. Pampu huzaa mwendo tu. Husukuma oili ipite. Presha huzaliwa na ukinzani ambao oili hukutana nao inapojipenyeza katika nafasi nyembamba kati ya shafti na beringi. Wakulima wa Ruiri wanalijua jambo hili vyema, wale wanaonyunyizia mashamba kwa maji ya mabomba yanayoshuka kutoka Mlima Kenya. Kinyunyizio kikilala ghafula, mkulima hasemi tu kwamba maji yameisha. Hujiuliza: je, chanzo kimepungua? Chujio limeziba? Bomba limepasuka njiani? Au jirani wa juu amefungua mabomba yote shambani mwake? Mkulima huyo anatafuta chanzo cha presha ndogo, naye anafanya hivyo kwa mantiki ile ile ya fundi wa ndege.

Tuje basi kwenye injini ya rotari. Hapa yafaa tukumbushane kwamba hata Kiingereza, tunachokisifu kwa uwazi wake, kimeliacha neno hili moja liitwe na injini mbili zisizo na undugu. Rotari ya kwanza ni ile ya ndege za mwanzo mwanzo, kama vile Gnome ya ndugu wa Seguin wa Ufaransa. Katika injini hiyo shafti ilifungwa imara kwenye mwili wa ndege, na silinda zote zikazunguka pamoja na propela. Rotari ya pili ni ile iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel, iliyonguruma kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Hii haina pistoni. Ina rota yenye pembe tatu izungukayo ndani ya chumba, na kila rota inapozunguka mara 1, shafti huzunguka mara 3. Fundi akiambiwa "rotari" lazima aulize kwanza, ipi?

Ile ya kwanza si ngeni katika Afrika Mashariki. Februari 1915, Waingereza walileta ndege mbili za majini aina ya Sopwith zenye injini za Gnome za nguvu ya farasi 100, wakitaka kuiandama manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Joto la pwani yetu liliziangusha nguvu ndege hizo hata zikashindwa kuifanya kazi hiyo, ikabidi zitafutwe nyingine. Manowari iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915, mizinga ikiongozwa na watazamaji waliokuwa angani. Injini hizo za Gnome zililainishwa kwa mafuta ya mbarika. Naam, mbarika huu huu unaojiotea nyuma ya majiko yetu, ambao kokwa zake tunaziita nyonyo! Yalichaguliwa kwa sababu hayachanganyiki kwa urahisi na petroli, na katika injini hizo petroli na hewa zilipitia mahali pale pale oili ilipokuwa. Hata jina la Castrol, ambalo wanafunzi wameliona kwenye mikebe katika kila kituo cha petroli, limetokana na neno la Kiingereza la mafuta hayo.

Katika rotari hiyo ya kale oili haikurudi. Ilisukumwa ndani, ikalainisha, kisha ikarushwa nje pamoja na moshi. Kwa hiyo rubani hakutegemea geji ya presha kama tuijuavyo leo. Alitazama kikombe kidogo cha kioo ambamo oili ilipigapiga kama mshipa wa damu kwa kila msukumo wa pampu. Mapigo yakififia, maswali yalikuwa machache: tangi limekauka? Mafuta yameganda kwa baridi ya juu? Bomba limezibwa na utomvu ambao mafuta ya mbarika huacha yakiungua? Upande wa kuvutia una mwanya unaoingiza hewa? Pampu yenyewe bado inazungushwa? Na mapigo yakikoma kabisa, rubani alikuwa na dakika chache tu za kutafuta mahali pa kutua.

Rotari ya Wankel ndiyo anayoiuliza mvulana wetu, kwa kuwa ndiyo ambayo baadhi ya watu wanaojiundia ndege ndogo huifunga, hasa zile zilizotolewa kwenye magari ya Mazda. Ndani yake oili ina kazi mbili. Hulainisha beringi, na tena hurushwa ndani ya rota kuipoza. Kwa hiyo oili hubeba joto jingi, na oili iliyochemka hupoteza mnato wake. Basi presha ikishuka, fundi na afuate njia hii.

Kwanza, aiulize geji kama inasema kweli. Nyaya huchakaa, na kipima presha hufa. Afunge geji nyingine ya kupimia moja kwa moja, kisha alinganishe. Hilo hufanywa chini. Rubani aliye angani hana anasa hiyo. Yeye atazame joto la oili. Presha ikishuka huku joto likipanda, ajue kwamba jambo ni la kweli na atafute pa kutua mara moja. Presha ikishuka huku joto likitulia, huenda geji ndiyo mwongo, lakini hata hivyo atue akahakikishe. Hakuna aliyewahi kujuta kwa kutua mapema.

Pili, apime kiasi cha oili, akikumbuka kwamba kuzidi ni kosa kama kupungua. Kinu cha posho kilitufundisha hilo.

Tatu, achunguze hali ya oili. Je, ni ya uzito uliopendekezwa na mtengenezaji? Inanuka petroli? Ina povu? Rejeta ya oili inapata upepo wa kutosha, au joto limeigeuza oili kuwa maji?

Nne, afuate upande wa kuvuta. Chujio lililo ndani ya sampu huziba kwa uchafu, na bomba la kuvutia likiwa na ufa hunyonya hewa.

Tano, aangalie valvu ya kudhibiti presha. Punje moja ya uchafu yaweza kuizuia isijifunge, na springi iliyolegea huiacha oili irudi sampuni kabla ya kufanya kazi.

Sita, aichunguze pampu pamoja na mnyororo unaoizungusha.

Saba, atafute mvujo wa ndani. Katika injini hizo za Mazda kuna pete ndogo ya mpira, mafundi huiita oringi, inayoziba njia ya oili nyuma ya kifuniko cha mbele. Ikikatika, oili hukimbilia sampuni kimyakimya. Huoni tone chini, kiasi hakipungui, na bado presha imeshuka. Ni sawa kabisa na lile bomba lililopasuka chini ya ardhi, ndani ya shamba lako mwenyewe.

Mwisho ndipo azishuku beringi. Zikilika, nafasi hupanuka, ukinzani hupungua, na presha hushuka hasa injini inapokuwa moto. Hapo hapana dawa ya kumimina. Ni kuifungua injini.

Fundi wa Ruiri alikuwa ameufupisha utaratibu huo wote kwa sentensi moja: "Anza na kilicho rahisi kukifikia, malizia na kilicho ghali kukifungua." Ni mantiki safi, na imetamkwa kwa Kiswahili safi.

Je, nimelijibu swali? Naamini nimelijibu. Lakini uungwana wanitaka nikiri nilipojikwaa. Nilipofika kwenye neno presha nilisita, kwa maana sisi wasomi tumeliwekea majina mengi mno. Mwandishi wa habari husema shinikizo, na neno hilo hilo hulitumia kwa damu na kwa siasa. Mwalimu wa sayansi nchini Tanzania husema kanieneo, neno lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo, kwa kuwa presha ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Ni neno zuri, linalobeba fomula yake mgongoni. Wengine husema mgandamizo. Fundi husema presha, basi. Wakati sisi tunabishana makongamanoni, yeye anafunga boliti.

Lawama hapa ni yetu sisi wa vyuo vikuu. Mara nyingi tumeunda maneno tukiwa vitini, tukayachapisha katika kamusi, kisha tukashangaa mbona hayatembei. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Ni walimu wangapi wa fizikia nchini Kenya waliowahi kuifungua? Na ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kukaa siku moja gerejini na daftari? Neno haliishi kwa sababu limesanifiwa; huishi kwa kutumika. Waswahili walipoiona mashine ya kuruka, neno eropleni lilikuwapo tayari, lakini lililoshinda vinywani mwa watu ni ndege, jina la kiumbe kilichokuwa kikiruka tangu zamani. Na rubani alikuwa muongozaji wa vyombo vya baharini kabla hajapaa angani. Watumiaji ndio waliopiga kura.

Nazijua pingamizi zitakazoletwa. Itasemwa kwamba vitabu vya watengenezaji vimeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba marubani wa nchi mbalimbali huwasiliana kwa Kiingereza. Ni kweli tupu, na asidhani mtu kwamba nataka kijana wa Ruiri afungiwe nje ya vitabu hivyo. Fundi wa ndege anawajibika kufuata kitabu cha injini yake neno kwa neno, wala makala ya gazeti hayachukui nafasi ya kitabu hicho. Ninachokidai ni kwamba kuelewa kutangulie kukariri. Mwanafunzi aliyeeleza kwa Kiswahili tofauti kati ya kiasi, presha na mnato hawezi kudanganywa na sentensi ya Kiingereza atakapoisoma. Yule aliyeikariri tu, taa nyekundu itakapowaka, atakimbilia mkebe wa oili.

Jambo hili si la kesho. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia sekondari ya juu Januari 2026, na miongoni mwa masomo ya kiufundi yaliyoorodheshwa humo ni usafiri wa anga na umekanika. Watoto wa Ruiri wakipandisha macho huona ndege zikielekea uwanja wa Isiolo ulio jirani. Wengine wao watataka kuzigusa kwa spana.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wa Kiswahili wakubali insha za ufundi. Mwanafunzi aagizwe aeleze jinsi ya kutafuta chanzo cha hitilafu katika pampu, baiskeli au jiko, naye asahihishwe kwa mantiki yake kama anavyosahihishwa kwa sarufi. Pili, walimu wa sayansi na ufundi wawaruhusu wanafunzi wao kujieleza kwa Kiswahili kabla ya kuandika jibu la mtihani kwa Kiingereza. Tatu, sisi wanaisimu tushuke gerejini, tukusanye maneno yaliyomo, na tuyasanifu pale tu yanapogongana. Kwa maoni yangu oili ibaki oili, presha ibaki presha ya kazini, na kanieneo itumike darasani pale mwalimu anapofafanua fizikia yake. Si dhambi kitu kimoja kuwa na jina la karakana na jina la maabara, mradi mwanafunzi aambiwe kwamba ni kitu kimoja.

Na kwako wewe mvulana wa kidato cha nne uliyeniaibisha mbele ya wenzako, nakushukuru. Uliuliza kama Kiswahili kinaishia kwenye mashairi. Mchukulie fundi wa pale sokoni makala haya, myasome pamoja, na mkiona hatua niliyoiruka au neno nililolikosea, niandikieni. Nitasahihisha.